Kisima ni kilekile, maji si yaleyale

Wiki hii naomba unisindikize hadi Chiwanda, kando ya Ziwa Nyasa, kusini mwa Mbamba Bay ukielekea mpaka wa Tanzania na Msumbiji. Wenye umri wanaikumbuka ikiwa ndani ya Wilaya ya Mbinga. Tangu 2012 ipo Wilaya ya Nyasa, mkoani Ruvuma. Mimi naifahamu kwa sababu ya karibu zaidi: bibi yangu mzaa mama anaishi huko, na ndiko nilikopelekwa kila likizo nilipokuwa mdogo.

Mwezi wa kwanza, mvua zikiwa zimekolea, nilipigiwa simu usiku. Mtoto wa dada yangu, mwenye miaka mitatu, aliyekuwa kwa bibi, alikuwa anaharisha maji matupu na kutapika. Nilisafiri siku iliyofuata. Nilipofika, mtoto alikuwa amekwisha kufikishwa zahanati, amepewa ORS na vidonge vya zinki, macho yake yameanza kurudi. Nilimshukuru Mungu, nikamshukuru na jirani aliyembeba mgongoni alfajiri kwenye matope.

Jioni nikakaa na bibi barazani.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mama. Pole na safari.”

“Nimeshapoa. Bibi, mtoto alikunywa maji gani?”

“Maji ya kisima. Yaleyale tuliyowanywesha ninyi mkakua.”

“Mliyachemsha?”

Alinitazama, kisha akatazama mlimani ambako zamani tulikuwa tukiokota kuni tukiimba. “Mjukuu wangu, ninyi mmesoma. Hebu niambie, nichemshe kwa kuni zipi?”

Sikuwa na jibu. Nimeandika mara nyingi katika ukurasa huu: chemsha maji ya kunywa. Ni ushauri sahihi, na sitaufuta. Lakini sikuwahi kukaa nikahesabu mzigo mmoja wa kuni unachukua saa ngapi kutafutwa na mwanamke wa miaka zaidi ya sabini, wala ndoo ngapi zinachemka kwa mzigo huo. Na kuna jambo la pili ambalo bibi alilisema bila kujua uzito wake: “yaleyale.” Mada yetu ya leo ni kwamba si yaleyale tena.

Mvua inayopita mbio

Asubuhi bibi alinipeleka kisimani. Ni kisima kifupi cha kuchimbwa kwa mkono, karibu na mkondo unaoshuka kutoka vilimani. Zamani, alisema, kilishikilia maji hadi mvua za mwezi wa kumi na moja au wa kumi na mbili. Sasa ikifika Septemba ndoo inagusa tope. Hapo kina mama hushuka ufukweni kuchimba vishimo kwenye mchanga, au huchota ziwani moja kwa moja.

“Kwa hiyo mvua zimepungua?” nikamuuliza.

“Mvua inanyesha, tena nyingi. Ila siku hizi inapita kama mtu anayedaiwa. Haisimami kusalimia.”

Msomaji, sijasikia mtaalamu akieleza jambo hili vizuri kuliko bibi yangu. Acha nikuonyeshe lina maana gani.

Fikiria sufuria ya maji jikoni yenye mfuniko. Moto unapasha maji, mvuke unapanda, unagusa mfuniko, unageuka matone, matone yanarudi chini. Huo ndio mzunguko wa maji kwa ufupi. Jua ndilo moto wetu. Mvuke unapanda kutoka baharini, ziwani, kwenye udongo na kwenye majani ya miti. Huko juu unapoa na kuwa mawingu, kisha mvua. Sehemu ya mvua hutiririka juu ya ardhi hadi mitoni, na sehemu nyingine hunywewa na ardhi polepole, ikatokea miezi kadhaa baadaye kama chemchemi au maji ya kisima. Maji ambayo bibi anachota mwezi wa nane ni mvua ya mwezi wa pili na wa tatu iliyohifadhiwa ardhini.

Sasa ongeza moto. Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi zaidi: kila joto likipanda nyuzi 1 ya Selsiasi, hewa huweza kubeba takriban asilimia 7 zaidi ya mvuke. Hapo mambo mawili hutokea kwa pamoja. Kwanza, wakati wa kiangazi hewa hiyo hunyonya unyevu zaidi kutoka kwenye udongo, mito na mimea. Pili, mvua inaponyesha, mzigo uliobebwa ni mkubwa, hivyo hushuka mwingi kwa muda mfupi. Mvua ya rasharasha ya siku tatu huingia ardhini. Mvua ya saa mbili yenye nguvu haipati nafasi hiyo, inateleza juu ya udongo, inachukua rutuba na kila kilichopo njiani, inaishia ziwani.

Ndiyo maana kipimo cha mvua cha mwaka mzima kinaweza kuonekana cha kawaida kabisa, na bado kisima kikakauka miezi miwili mapema. Maji yalikuja. Hayakuingia.

Joto hili halikuanzia Chiwanda. Mwaka 2024 ulikuwa wa joto zaidi duniani tangu vipimo vianze, na chanzo kikuu ni moshi wa makaa ya mawe, mafuta na gesi unaotoka zaidi kwenye viwanda, mitambo ya umeme na magari ya nchi tajiri na zile zenye viwanda vingi. Bibi yangu hana gari wala kiwanda. Hata hivyo, tuseme ukweli wote: si kila kisima kinachokauka kimekaushwa na tabianchi. Miti ikikatwa kwenye vyanzo, mashamba yakilimwa hadi ukingoni mwa mkondo, watu wakiongezeka huku pampu ikiharibika na kukaa bila kutengenezwa, maji yatapungua hata bila joto la dunia. Tabianchi huja kuongeza mzigo kwa punda ambaye tayari amechoka.

Kwa nini watoto huugua mvua zikianza?

Hapa ndipo mabadiliko ya maji yanapogeuka kuwa ugonjwa ndani ya nyumba.

Mwishoni mwa kiangazi familia ina maji machache. Mikono inanawishwa mara chache, vyombo vinasuuzwa kwa maji yaliyokwisha kutumika, na maji ya kunywa yanatoka kwenye vishimo vya mchangani. Kisha mvua kubwa inashuka kwa ghafla juu ya ardhi kavu. Inazoa vinyesi vya watu na mifugo vilivyoachwa vichakani, inajaza vyoo vya shimo, na mchanganyiko huo unaingia katika kisima kilekile ambacho watu wote wanakikimbilia kwa furaha kwa kuwa kimepata maji.

Maji yanaweza kuonekana meupe kabisa, na hili ndilo linalowaponza wengi. Vimelea vya kuhara, homa ya matumbo na kipindupindu havionekani kwa macho.

Tukitaka kuona jambo hili likiwa kubwa, tutazame ng'ambo ya ziwa. Mwanzoni mwa 2022 dhoruba Ana na kimbunga Gombe vilileta mafuriko kusini mwa Malawi. Mwezi Machi mwaka huo kukatangazwa kipindupindu, na ugonjwa ukasambaa hadi wilaya zote za nchi, zikiwamo za kando ya ziwa kama Nkhata Bay, inayotazamana na Mbamba Bay yetu. Machi 2023 kimbunga Freddy kikaongeza mafuriko mengine. Mlipuko huo uliwapata zaidi ya watu 58,000 na kuua zaidi ya 1,700, ukawa mbaya kuliko wowote katika historia ya nchi hiyo. Nasi huku, katika mvua za El Niño za 2023 na 2024, Waziri Mkuu aliliambia Bunge Aprili 2024 kuwa watu 155 walikuwa wamepoteza maisha kutokana na mvua hizo na mafuriko yake. Hao ni waliokufa kwa maji yenyewe. Magonjwa huja nyuma yake.

Ziwa lenyewe nalo linabadilika

“Basi tuchote ziwani,” jirani wa bibi aliniambia. “Ziwa hili nani amewahi kuliona limekauka?”

Ni kweli, Ziwa Nyasa ni hazina. Kina chake hufika karibu mita 700, na ni miongoni mwa maziwa makubwa zaidi ya maji yasiyo na chumvi duniani. Katika dunia ambayo maji yasiyo na chumvi ni asilimia 2.5 tu ya maji yote, na mengi ya hayo yamefungwa kwenye barafu, kuishi kando ya ziwa hili ni bahati.

Lakini ziwa hili hutegemea urari mwembamba. Maji yake mengi hayatoki kwa Mto Shire, bali hupanda angani kama mvuke. Mvua ikipungua kidogo na joto likaongezeka kidogo, kina kinashuka. Kati ya 1915 na 1935 hivi ziwa lilishuka kiasi kwamba Shire uliacha kutoa maji ziwani. Karibu na 1980 lilipanda sana, likaingia kwenye makazi ya ufukweni. Kwa hiyo kupanda na kushuka si jambo jipya. Jipya ni joto linaloongezwa juu yake: vipimo vya wanasayansi vilionyesha kuwa hata maji ya kina kirefu yalipata joto kwa karibu nyuzi 0.7 kati ya 1939 na 1999.

Kwa afya ya familia, kupanda kuna hatari yake na kushuka kuna ya kwake. Ziwa likipanda, vyoo vilivyochimbwa karibu na ufukwe hujaa maji, na visima vya mchangani hupata uchafu kutoka chini. Likishuka, ufukwe huongezeka, akina mama hutembea zaidi, na madimbwi ya maji yaliyotuama hubaki nyuma kwenye majani.

Madimbwi hayo na kingo zilizotulia ndizo konokono wa kichocho wanazopenda. Tanzania inatajwa kuwa ya pili Afrika kwa wingi wa wagonjwa wa kichocho, baada ya Nigeria, na watu wa mwambao wa Nyasa wanakijua. Mtu mwenye ugonjwa akikojoa au kujisaidia majini, mayai huanguliwa, yanaingia kwa konokono, kisha vijidudu hutoka na kupenya ngozi ya yeyote aliye majini. Hutoka kwa wingi jua likiwa kali, karibu na saa sita mchana, saa ambayo watoto wetu wanaogelea na akina mama wanafua.

Mimi mwenyewe nilikojoa damu nikiwa na miaka kumi baada ya likizo moja huko. Shangazi mmoja akanicheka kuwa ninakua. Mzazi, mtoto akikojoa damu, awe wa kiume au wa kike, hakui, anaumwa. Mpeleke kituo cha afya. Dawa ipo, na shuleni hutolewa katika kampeni za kingatiba. Ukikiacha, kichocho huharibu kibofu, ini na viungo vya uzazi vya mwanamke.

Muhogo, ukame na miguu ya watoto

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalihusishi na maji. Mwambao wa Nyasa chakula ni ugali wa muhogo na samaki. Muhogo unasifiwa kwa kustahimili ukame, na sifa hiyo ni ya kweli. Ila muhogo mchungu una sumu ya sianidi, na mmea ukikosa maji sumu hiyo huongezeka. Wakati huohuo, mwaka wa ukame ndio mwaka wa njaa. Familia inafupisha siku za kuloweka na kukausha, kwa kuwa maji ya kuloweka ni machache na watoto wanalia.

Matokeo yake yanaweza kuwa ugonjwa wa konzo: miguu yote miwili hukakamaa na kupooza ghafla, na haiponi tena. Huwapata zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa, hasa pale ugali wa muhogo unapoliwa siku nyingi bila samaki wala maharage. Hili si hadithi ya mbali. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wataalamu wa lishe walikuta wagonjwa wa konzo mikoa ya Mtwara na Ruvuma, Wilaya ya Mbinga ya wakati huo ikiwamo.

Kinga yake ni rahisi. Loweka muhogo siku zote zinazotakiwa, usikatishe. Kama una shaka na unga, uchanganye na maji uwe umelowa, utandaze kwa tabaka jembamba kwenye ungo au turubai safi, uache saa 5 kivulini au saa 2 juani. Sumu hupanda hewani. Kisha upike siku hiyohiyo. Na pale usipa unapopatikana, watoto wapewe kwanza kabla ya kuuzwa wote, kwani protini husaidia mwili kupambana na sumu hiyo.

Nichemshe kwa kuni zipi?

Nirudi kwenye swali la bibi. Baada ya kuulizana na wauguzi na wahandisi wa maji, jibu nililompelekea ni hili: usitafute njia moja ya mwaka mzima. Kila majira yana njia yake, na si kila ndoo inahitaji kuchemshwa.

Tenganisha maji. Mtu mmoja anahitaji angalau lita 20 kwa siku kwa kunywa, kupika na usafi, lakini yanayoingia mdomoni ni machache sana. Yatibu hayo ya kunywa, ya kuoshea matunda na ya mtoto. Ya kufulia hayahitaji kuni zako.

Kiangazi, tumia jua. Kuanzia Mei hadi Oktoba jua la Nyasa ni la bure. Chukua chupa za plastiki angavu zisizo na rangi, zisizozidi lita 2, zioshe, zijaze maji, zilaze juu ya bati kuanzia asubuhi kwa saa 6. Kukiwa na mawingu mengi, ziache siku 2. Maji lazima yawe maangavu. Kipimo ni hiki: simamisha chupa iliyojaa juu ya ukurasa huu wa gazeti, tazama kutoka mdomoni mwa chupa kwenda chini. Ukisoma kichwa cha habari, maji yanafaa. Usiposoma, yachuje kwanza.

Masika, tunza kuni na vidonge. Siku za mvua jua halitoshi. Hapo ndipo kuni kavu ulizoweka zitumike, maji yatokote angalau dakika 1, au utumie WaterGuard kwa kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti na kusubiri dakika 30. Maji yenye tope huipunguzia dawa nguvu, kwa hiyo yaache yatuame, mimina yale ya juu, uyachuje.

Chuja kwa kitambaa. Huko Bangladesh watafiti walipowafundisha wanawake kuchuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa mara 4, kipindupindu kilipungua kwa karibu nusu, kwa sababu vimelea hung'ang'ania viumbe wadogo wa majini wanaonaswa na kitambaa. Kanga kuukuu iliyofuliwa inaweza kufanya kazi hiyo. Lakini kuchuja ni hatua ya kwanza tu, kutibu kunabaki palepale.

Kinga mvua. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1. Bati la mita 5 kwa 6 likipata mvua ya milimita 10 hukupa karibu lita 300, yaani ndoo 15 ambazo hakuna aliyezibeba kichwani. Maji ya kwanza ya kuosha bati yamwage. Pipa lifunikwe, mbu wasizaliane.

Maji ya ziwani ya kuogea yalaze. Vijidudu vya kichocho hufa visipopata mwili ndani ya siku 2. Kwa hiyo ndoo ya kuogea mtoto iliyolazwa saa 48 bila konokono ndani yake ni salama zaidi kuliko kumwogeshea ziwani.

Hifadhi vizuri. Ndoo yenye mfuniko na koki, au dumu lenye mdomo mwembamba. Mkono na kikombe visizamishwe ndani. Maji mengi huchafukia nyumbani baada ya kutibiwa.

Mtoto mchanga anyonye maziwa ya mama peke yake miezi 6 ya mwanzo, bila hata tone la maji. Mtoto akiharisha, changanya pakiti 1 ya ORS na lita 1 ya maji safi na salama, mpe kidogokidogo, endelea kumnyonyesha na kumlisha. Vidonge vya zinki apewe siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma. Akiwa na macho yaliyozama, akiwa mlegevu, akishindwa kunywa, au kukiwa na damu kwenye choo, usingoje asubuhi.

Yasiyowezekana na familia peke yake

Nimeorodhesha mengi ya kufanywa na mama wa nyumbani, na nakiri kuna kitu kisicho sawa hapo. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilisema kila mwananchi wa kijijini apate lita 25 za maji salama kwa siku, katika umbali usiozidi mita 400. Chupa ya plastiki juu ya bati si mbadala wa ahadi hiyo.

Tangu 2019 kuna RUWASA kwa ajili ya maji vijijini, na kwenye vijiji kuna vyombo vya watumiaji maji vinavyokusanya fedha na kusimamia matengenezo. Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kufanyika kila baada ya miezi 3. Hapo ndipo pa kuuliza: pampu ikiharibika hutengenezwa baada ya siku ngapi? Fedha za matengenezo ziko wapi? Miradi mipya inachimba kina gani, ikizingatiwa kuwa maji yanashuka mapema siku hizi? Na wanawake wangapi wapo kwenye kamati, wakati wao ndio wanaojua kisima kilikauka tarehe gani?

Pia kuna sheria ya mazingira ya 2004 inayokataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa chanzo cha maji. Watu wa bondeni hawawezi kuilinda peke yao, maana maji yao huanzia mlimani. Huko juu Wamatengo wana elimu ya zamani inayofaa kuheshimiwa: kilimo cha ngoro, mashimo yaliyopangwa kwenye mteremko mithili ya sega la nyuki, nyasi zikiwa zimefukiwa kwenye kingo zake. Mvua ikinyesha hukaa shimoni, ikaingia ardhini badala ya kukimbia na udongo. Ni dawa hasa ya ile mvua ya bibi inayopita kama mtu anayedaiwa: inalazimishwa kukaa kidogo. Kila ngoro inayoachwa, kila mlima unaobaki uchi, kuna kisima fulani chini yake kitakachokauka mapema zaidi.

Nilirudi Chiwanda mwezi wa saba. Juu ya bati la bibi kulikuwa na chupa 11, zimepangwa kama samaki wanaoanikwa. Mtoto wa dada yangu ndiye mkaguzi: alinionyesha jinsi ya kusoma gazeti kupitia chupa, ingawa hajui kusoma. Bibi alisema hajamwona anaharisha tangu hapo. Kisha akaniuliza, “Mama, chupa nimeshaweka. Sasa hao wenye pampu nao wameweka nini?”

Pampu ya jirani na shule ilikuwa bado haifanyi kazi. Nimemwomba aende na swali hilo kwenye mkutano wa kijiji, na ameniahidi kwamba atakwenda na wenzake wa kisimani. Nawe msomaji, popote ulipo, jua kisima chako kilikauka lini mwaka jana na mwaka huu, andika tarehe hizo ukutani, uende nazo mkutanoni.

Wiki ijayo tutazungumzia maumivu ya mkojo kwa wanawake wanaopunguza kunywa maji ili ndoo itoshe siku mbili.